Ovaroli ya Mchomeleaji

Mama Pacha alikuwa hodari wa kufua. Majirani walimtania kwamba doa likimwona tu, linakimbia lenyewe. Mume wake alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana moja kubwa. Kila mwisho wa juma alirudi na ovaroli yake kwapani, imejaa masizi na grisi.

"Mke wangu, mgonjwa wako huyu hapa."

"Mlaze kwenye beseni," Mama Pacha alimjibu. "Atapona."

Penye grisi alipaka mafuta ya taa. Penye masizi alimwaga dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akasugua mpaka povu likawa jeusi. Mwisho aliisuuza kwa dawa ya kulainisha, ile yenye harufu ya maua. Huko karakanani wenzake wakaanza kumwita mumewe Bwana Harusi, kwa jinsi alivyonukia.

Ndani ya kola palikuwa na lebo. Ilimwasha mume shingoni. Mama Pacha aliikata kwa mkasi akaitupa, bila kuisoma.

Ovaroli ikapauka. Ikawa laini kama shuka. Mama Pacha akaona fahari.

Mchana mmoja, akiwa anawalisha pacha wake, simu iliita. Aliyepiga alikuwa mfanyakazi mwenza wa mume wake.

"Shemeji, njoo hospitali. Yuko hai. Lakini njoo."

Alimkuta mume wake amelala chali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi begani.

"Cheche iliniangukia," mume alisema kwa sauti ndogo. "Cheche huniangukia kila siku, zinazima. Hii ikawasha nguo. Sijui kwa nini."

Wenzake walikuwa wamemfunika kwa blanketi zito mpaka moto ukazimika. Kisha waliuweka mkono chini ya bomba la maji hadi gari lilipofika. Daktari alisema bila hivyo angeupoteza.

Kesho yake alikuja msimamizi wa usalama wa karakana, mwanamke wa makamo. Alivuta kiti karibu na Mama Pacha.

"Pole sana, dada. Nataka kukuuliza jambo, wala sikulaumu. Ovaroli hii huwa mnaifuaje nyumbani?"

Mama Pacha alieleza yote. Hakuficha kitu. Kadiri alivyoeleza, ndivyo yule mwanamke alivyozidi kuinamisha macho. Mama Pacha akakatiza maelezo, akamtazama usoni.

"Ni mimi?" aliuliza. "Mume wangu nimemchoma kwa mikono yangu?"

"Hukujua, dada. Sisi tuliigawa nguo bila kuwaeleza namna ya kuifua. Hilo ni kosa letu, na tutalirekebisha. Lakini nitakwambia ukweli, maana ndio utakaomlinda akirudi kazini."

Mama Pacha alifuta uso kwa upande wa khanga. "Niambie."

"Kitambaa kile kimetengenezwa kisishike moto haraka. Dawa ya kung'arisha inakiharibu. Dawa ya kulainisha inaacha utando juu yake, na utando huo unawaka. Wanga wa kukazia nguo nao ni vivyo hivyo."

"Na mafuta ya taa? Harufu ilikuwa inaisha kabisa!"

"Harufu inaisha, mafuta yanabaki ndani ya nyuzi. Ni kama kumvika mtu utambi wa taa."

Mume aligeuza kichwa juu ya mto. "Nami niliona imepauka na kulainika," alisema. "Nikajisemea, afadhali, sasa hainibani."

"Sasa nifue vipi?" Mama Pacha aliuliza.

"Ifue peke yake, usiichanganye na nguo za watoto. Masizi ya vyuma ni sumu. Vaa glavu. Funga zipu, igeuze ndani nje. Tumia sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini. Ikichanika, usitie kiraka cha nailoni, kitayeyuka kwenye ngozi. Irudishe kwetu."

"Na grisi ikikataa kutoka?"

"Irudishe vilevile. Tutampa nyingine. Nguo yenye grisi asiivae kabisa, hata kama inapendeza machoni."

Mkono ulipona polepole. Kwa muda mrefu Mama Pacha alimfungia mume vifungo vya shati. Msimamizi aliwaita wafanyakazi wote pamoja na wale wanaowafulia, akawaonyesha jinsi ya kufua. Mama Pacha alisimama mbele yao, akasimulia yaliyompata.

Mume aliporudi kazini, alipewa ovaroli mpya. Mama Pacha aliisoma lebo yake ya maelezo ya kufua neno kwa neno, kisha akaishonea kitambaa laini cha pamba pembeni ili isimwashe. Alinunua beseni la pili kwa ajili yake tu. Nguo ikawa hainukii maua, wala haing'ai. Jirani mmoja alimcheka, "Siku hizi madoa yanakushinda?" Mama Pacha alimkaribisha, akamweleza sababu. Jirani hakucheka tena.

Jioni moja mume aliingia, akanyoosha mkono wake wenye kovu kumwonyesha ovaroli. Kwenye mkono wa ovaroli palikuwa na alama ya kahawia, ndogo kama punje ya dengu.

"Leo cheche kubwa imeniangukia hapa," alisema. "Imezima papo hapo. Hata joto sikulisikia."

Mama Pacha aliigusa ile alama kwa kidole. Machozi yakamtiririka.

"Sasa unalia nini, nami niko mzima?"

"Ndicho kinachoniliza," alisema.