Kichupa cha Shemeji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alijaza maji kwenye bakuli la paka. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya kuongea bila kituo. Paka naye, mzee wa miaka kumi na mitano, aliitwa Shemeji, kwa kuwa hakukosa kufika wakati wa kula.

Lakini kwa wiki kadhaa sasa, Chiriku aliporudi mchana alikuta bakuli kavu kabisa na nyumba kimya. Kisha, kutoka sebuleni, ulisikika mlio mrefu kama wa mtu anayemwita mwenzake. Shemeji aliketi mbele ya ukuta mtupu, macho yamemtoka, akiulilia. Yule aliyekuwa akilala kutwa sasa alirukia makabati kama mtoto. Alikula mara nne kwa siku, na bado mbavu zilihesabika.

"Huyo si Shemeji," kaka yake alimnong'oneza. "Kuna kitu kimevaa ngozi yake."

"Wewe ndiye kitu," Bibi alisema, akimfunga paka kwa taulo. "Twendeni kwa daktari wa wanyama."

Daktari alisugua vidole kwanza vipate joto, ndipo akampapasa Shemeji shingoni. Akatoa damu, akaipima. Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo iliyomkimbiza na kumkondesha. Figo, kwa damu ile, zilionekana nzima.

"Hapo ndipo napaogopa," alisema. "Tezi hii inaufanya moyo usukume damu kwa nguvu mpaka figo zinazougua zionekane nzima. Nikiituliza kwa dawa, ugonjwa uliojificha unaweza kutokeza. Nileteeni mkojo wake wa asubuhi. Ukiwa mzito, figo bado zinafanya kazi, nitapumua. Ukiwa mwepesi, nitakwenda polepole na dawa."

Kazi hiyo alipewa Chiriku. Asubuhi aliweka trei ya choo cha Shemeji, tupu bila mchanga, akasubiri akojoe, kisha akauvuta mkojo kwa sirinji na kuutia kichupani. Alipokuwa anatafuta kifuniko, mlio ule ukatoka nyuma yake, karibu kabisa na sikio. Kichupa kikamponyoka. Matone machache tu yalibaki. Juu ya kabati, Shemeji alimtazama bila kupepesa.

Chiriku akafungua bomba, akaongeza maji.

Daktari alidondosha tone kwenye kioo cha kifaa chake cha kupimia uzito wa mkojo, akakielekeza dirishani na kuchungulia kwa muda mrefu.

"Ni kama maji matupu," alisema. "Basi dawa nitampa kidogo mno. Moyo utaendelea kwenda mbio, lakini tufanyeje?"

Chini ya kiganja cha Chiriku, moyo wa Shemeji ulidunda upesi kuliko mtu awezavyo kuhesabu.

"Chiriku, leo umeme umekatika?" Bibi aliuliza. "Hujasema neno tangu asubuhi."

"Ni maji kweli," Chiriku alisema. "Nilimwaga, nikaongeza ya bomba."

Daktari hakukasirika. Alimpa kichupa kipya. "Kesho jaribu tena. Hata matone mawili yananitosha, mwanangu."

Kesho yake daktari alichungulia mkojo mpya. "Bado ni mwepesi, ila si kama wa jana. Nadhani figo zimeanza kuchoka, na tumewahi. Sasa najua pa kuanzia."

Baada ya wiki nne za dawa, damu ilipimwa upya. Tezi ilikuwa imetulia, na ugonjwa wa figo ulikuwa umetokeza, lakini kidogo. Daktari alibadilisha chakula cha Shemeji na kupanga tarehe ya kumpima tena. Ukuta haukuliliwa tena.

Siku hiyo, wakirudi nyumbani, Bibi alimshika Chiriku mkono.

"Kumwaga ni bahati mbaya, mjukuu wangu, hata mimi namwaga. Lakini ulipoongeza maji, ulimpelekea daktari paka mwingine, ambaye hayupo. Angemtibu huyo asiyekuwepo, na wetu tungemzika bila kujua kwa nini. Ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Watu wema watakupa kichupa kingine."