Kengele Iliyonyamaza

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake na kumpikia Bibi Sijaona uji, Raihana alitoka mtaani kwao Bwiza kwenda kwenye klabu ya kompyuta ya mwalimu Marcellin. Alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kumkumbusha Bibi dawa zake za presha. Ndani yake mwalimu alikuwa ameshawawekea wanafunzi kengele ya kuanzia, lakini ya sauti ndogo, na masikio ya Bibi yalikuwa mazito. Raihana alitaka kengele yake mwenyewe, yenye kelele, ichukue nafasi ya ile.

Kazi ikagoma. Kila alichoandika kilipigiwa mstari mwekundu wa kosa. Akafuta, akaandika tena, mstari uko palepale.

"Mi nimechoka na hii mashine!" alimlalamikia Mélissa, aliyekaa naye dawati moja.

"Futa maagizo yote ya ndani, acha jina la kengele tu," Mélissa alimnong'oneza. "Protokoli, yale masharti ya programu, inataka jina tu."

Raihana akafuta. Mstari ukatoweka. "Mwalimu, imeisha!" alisema, wala hakuijaribu. Jioni akaiweka kwenye simu ya Bibi, akamwambia itamkumbusha dawa.

Kesho yake mchana alimkuta Bibi ameshika kichwa, kizunguzungu kimemzidi. Dawa zilikuwa mezani, hazijaguswa.

"Nilingojea kengele yako, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Haikulia."

Raihana alimpa dawa. Kisha hasira zikampanda, nusura aibamize simu ukutani.

Jumatatu alimfuata mwalimu akiwa amenuna. "Mwalimu, programu imeharibika! Hata ile kengele ndogo haikulia, na Bibi hakunywa dawa."

Marcellin akaisoma kazi yake. "Apana, haijaharibika. Umeandika kazi, yaani maagizo ya kengele, yenye jina sawa na yangu, kwa hiyo simu imeacha yangu, imefuata yako. Na yako haina kitu ndani."

"Lakini protokoli ilikubali!"

"Protokoli ni mkataba, Raihana. Inaangalia kama kazi ipo. Kama inafanya kitu, ni wewe wa kujaribu."

Raihana aliona aibu. Akakaa, akaandika upya, na kila mstari mwekundu ulipotokea aliuliza maana yake. Mwishowe kengele ililia hadi wapita njia wakachungulia dirishani.

"Sasa imeisha," alisema Marcellin. "Lakini sikiliza. Ungesema umeshindwa, tungesaidiana siku ileile. Ulisema umemaliza, na Bibi akakuamini, ndiyo maana hakumwomba mtu mwingine amkumbushe."