Kuinuka Kwenye Sijda

Kila alfajiri Mwanahamisi alifagia ua, akawasha jiko la makaa, kisha akatandika mikeka miwili ya kusalia: mmoja wake, mwingine wa mama yake wa kambo, Kadidja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jicho lake halikumwacha huyo mama hata kidogo.

Ulikuwa mwaka 1966. Maasi yalikuwa yamepita Kisangani, lakini watu bado walishukiana. Jirani alimpima jirani kabla ya kumsalimu. Mwanahamisi naye alikuwa na mshukiwa wake nyumbani. Kadidja alihema akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, akahema hata akiwa ameketi tu. Akilala, pumzi ilimrudia mara moja. Ugonjwa gani huo unaopona ukiona kitanda?

Basi akaanza kumchungulia kwenye sala. Kadidja akisujudu, alitulia. Akisimama, alipepesuka na kushika ukuta. Baada ya siku tatu Mwanahamisi alimwendea baba yake, Alfani, fundi wa kushona.

“Papa, mama Kadidja iko anatudanganya. Akilala, iko muzima. Akisimama, anaanza mambo yake.”

“Uliona na macho yako?”

“Niliona, papa.”

Alfani akasonya. “Bon. Siku ya Ijumaa atapanda bateau kule mtoni, arudi kwao Isangi. Akalale kule.”

Alhamisi adhuhuri Kadidja aliinuka kwenye sijda, akaanguka kama gunia. Alipozinduka, mkono wake wa kuume ulikuwa umepooza, na ulikaa hivyo saa nzima. Mwanahamisi aliingiwa na hofu. Mvivu anaweza kufumba macho, lakini haamuru mkono wake ufe.

Hospitalini, daktari Lambert aliuliza, “Anazidiwa wakati gani?”

Alfani hakujua. Mwanahamisi alijua, lakini kusema kulikuwa kujiumbua. Hata hivyo akasema.

“Docteur, akisujudu anatulia. Akisimama, pumzi inakatika. Nilikuwa namuchungulia, juu nilizani anadanganya.”

Daktari alimsikiliza Kadidja moyo akiwa amelala, kisha akiwa ameketi. Sauti ilibadilika.

“Nashuku kuna uvimbe ndani ya moyo,” alisema. “Si saratani. Lakini akisimama, unashuka na kuziba njia ya damu, akilala, unaipisha. Kipande kikikatika, kinaweza kufika kwenye ubongo. Nadhani ndicho kilichopoozesha mkono. Kingine kinaweza kumuua. Lazima apasuliwe Ulaya, upesi.”

Aliandika barua kwa hospitali ya huko, ikakubali kumtibu bila malipo, na ndege ikamchukua Kadidja. Miezi mitano baadaye alirudi, uvimbe umetolewa, akiwa na kovu refu kifuani na akipumua vizuri.

Mwanahamisi alipiga magoti mbele yake. “Mama, ni mimi nilikusemea kwa papa. Unisamehe.”

“Nilishakusamehe,” Kadidja alisema. “Macho yako yaliona sawa, mwanangu, na yalisaidia docteur. Hukumu ndiyo uliitoa mbio. Siku ingine ukishuku mutu, umuulize kwanza.” Akamtazama Alfani. “Mwezi muzima nilikuwa naumwa ndani ya nyumba hii. Hakuna mutu aliniuliza naumwa wapi.”

Alfani aliinamisha kichwa.