Kwa Nini Mvumo Analia?

Tusekile aliishi mlimani, Rungwe, mahali penye viazi vingi na ukungu mwingi. Aliishi na Baba. Na pale uani aliishi Mvumo.

Mvumo alikuwa lori. Lori la zamani, la kijani, lenye taa moja kali na taa moja hafifu.

Mama ndiye aliyempa jina. "Msikilizeni," alisema Mama. "Anavuma kama nyuki aliyeshiba."

*Mmmmm*, alivuma lori.
*Mmmmm*, alivuma Mama.
Na Tusekile alikaa katikati ya Mama na Baba, kwenye kiti cha mbele, akisinzia.

Sasa Mama hayupo. Alifariki wakati wa mvua kubwa. Kiti cha mbele kimekuwa kipana sana.

Lakini Mvumo bado alivuma. Na Tusekile aliposikia *mmmmm*, alimkumbuka Mama vizuri, kabisa kabisa.

Asubuhi moja, Baba aliwasha lori. Mvumo hakuvuma. Alilia.

*Ngwiiii! Ngwiiii!*

Kuku wakakimbia. Mbuzi akasahau kutafuna.

"Baba, Mvumo anaumwa wapi?" aliuliza Tusekile.

"Sijui, mwanangu," alisema Baba.

Mjomba Ambakisye alichungulia juu ya ua. Yeye ni kaka yake Mama, na nyumba yake iko jirani. "Shemeji! Hilo ni lori au nguruwe anadai chakula?"

Tusekile alicheka kidogo. Baba hakucheka.

"Limezeeka hilo," alisema Mjomba. "Leo jioni anapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mpe alichukue."

"Akilichukua, atalifanyaje?" aliuliza Tusekile.

"Atalikata vipande vipande," alisema Mjomba.

Tusekile alikumbatia mlango wa lori. Mlango ulikuwa wa baridi. "Mvumo asikatwe!"

Baba alimtazama Tusekile. Akalitazama lori. "Mpaka jioni bado muda upo," alisema. "Tukijua sauti hii inatoka wapi, nitamtengeneza, naye atabaki. Tusipojua…"



Baba alileta kipande cha mpira mrefu, ule wa kumwagilia bustani. "Ncha moja kwenye sikio," alisema. "Ncha nyingine kwenye gari. Hivi ndivyo mafundi wanavyosikiliza."

"Kama daktari!" alisema Tusekile.

"Kama daktari," alisema Baba.

"Ni injini tu hiyo," alisema Mjomba. "Mimi najua."

Baba alishika ncha ya mpira mbele, karibu na injini. Tusekile alisikiliza.

*Du-du-du-du*, ilisema injini.

"Si hapa, Baba. Tusikilize pengine."

"Basi ni gia," alisema Mjomba. "Mimi najua."

Baba alishika ncha ya mpira katikati, karibu na gia. Tusekile alisikiliza.

*Kru-kru-kru*, ilisema gia.

"Si hapa, Baba. Tusikilize pengine."

Lakini ile *ngwiiii* ilikuwa kila mahali. Ilikuwa mbele. Ilikuwa nyuma. Ilikuwa ndani ya masikio ya Tusekile hata alipoyaziba.

Baba aliketi juu ya tairi kuukuu. Alishika kichwa.

Tusekile aliketi pembeni yake. Alifikiri. Alifikiri tena.

"Baba," alisema. "Mama alipotaka kunisikia vizuri, alikuwa anazima redio."

"Ndiyo. Alikuwa anazima."

"Basi tuizime injini. Inapiga kelele nyingi."

Mjomba alicheka. "Ukizima injini, utasikia nini? Utasikia mbuzi!"

Baba alisimama. Aliingia ndani ya lori. Alizima injini, kisha akageuza ufunguo kidogo tu. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Injini ililala, kimya.

*Ngwiiii!*

Mjomba aliacha kucheka.

"Si injini!" alisema Tusekile.

"Si injini," alisema Baba. "Wala si gia. Gia nayo imelala."

Tusekile alitembea na mpira wake. Polepole.

Kwenye mlango. *Ngwii.* "Si hapa. Tusikilize pengine."

Nyuma ya mlango. *Ngwiii.* "Si hapa. Tusikilize pengine."

Karibu na tangi la mafuta. *NGWIIIIII!*

Tusekile aliruka. "Hapa, Baba! Hapa! Hapa!"

Baba alizima kila kitu, akalala chini, akachungulia. "Hii ni pampu ya mafuta," alisema. "Inanyonya petroli kutoka kwenye tangi, inaipeleka kwa injini."

"Mbona inalia?"

"Inanyonya kwa nguvu, lakini haipati. Umewahi kunywa juisi kwa mrija ulioziba?"

Tusekile alivuta mashavu ndani. *Fwiiip!* Akaguna. "Inachosha!"

"Basi na pampu imechoka hivyo hivyo."

Petroli si ya kuchezea. Kwa hiyo Tusekile alisimama mbali, pale kwenye jiwe jeupe, na Mjomba alimshika mkono.

Baba alifungua chujio. Chujio la Mvumo limo ndani ya kikombe kidogo cha kioo. Baba alikiinua kwenye mwanga.

Kikombe kilijaa chengachenga.

"Ni mchanga?" aliuliza Tusekile kutoka kwenye jiwe.

"Si mchanga."

"Ni kutu," alisema Mjomba. "Mimi najua."

"Si kutu," alisema Baba. Alizitazama kwa muda mrefu. "Ni gunzi la mahindi."

"Gunzi?" alisema Mjomba. "Lori linakula mahindi?"

Baba alileta dumu la petroli. Kituo cha mafuta kiko mbali, kule bondeni, kwa hiyo kila nyumba yenye gari ina dumu lake. Mdomo wa dumu la Baba ulikuwa umezibwa kwa gunzi. Na gunzi lilikuwa limemegeka, chenga zake zikaingia kwenye petroli.

"Dumu lilikuwa na kifuniko," alisema Baba taratibu. "Mama alikifunga kwa kamba ili kisipotee. Kamba ikakatika, kifuniko kikapotea. Mimi nikaziba kwa gunzi."

"Sote tunaziba kwa gunzi," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata langu liko hivyo hivyo."

Tusekile alilitazama dumu.

"Baba," alisema. "Kifuniko kilikuwa na rangi gani?"

"Chekundu."

Tusekile alikimbia ndani. Nyuma ya mlango kulikuwa na kigari chake cha boksi. Kigari kilikuwa na magurudumu manne. Matatu yalikuwa ya buluu. Moja lilikuwa jekundu.

Alilichomoa lile jekundu. Kigari kikainama upande mmoja.

"Kifuniko hiki nilikiokota njiani," alimwambia Baba. "Nilidhani hakina mwenyewe."

Baba aliinama mpaka macho yao yakawa sawa. "Asante kwa kukitunza," alisema.

"Lakini sasa kigari changu kinachechemea."

"Kitachechemea kidogo tu. Subiri."

Baba alifanya kazi. Alitoa petroli yote kwenye tangi. Aliichuja kwa kitambaa safi, pamoja na ile ya kwenye dumu. Aliosha chujio. Alirudisha kila kitu mahali pake.

Tusekile alifunga kifuniko chekundu kwa kamba mpya. Fundo moja. Fundo la pili. Kama Mama.

Mara, kutoka barabarani, sauti ikaita: "Vyuma chakavu! Tunanunua vyuma chakavu!"

Mnunuzi alikuwa anakuja na mkokoteni wake. *Kwara-kwara-kwara.*

"Baba, haraka!" alisema Tusekile.

Baba aligeuza ufunguo kidogo. Taa ndogo nyekundu iliwaka.

Kimya.

Tusekile alishika mpira. Ncha moja kwenye sikio. Ncha nyingine karibu na tangi, pale pale penye kilio.

*Mmmmm.*

"Anavuma!" alisema Tusekile. "Baba, anavuma!"

Baba aliwasha injini. *Du-du-du-du*, ilisema injini. *Mmmmm*, ilisema pampu. Mbuzi aliendelea kutafuna.

"Hodi hapa!" aliita mnunuzi. "Niliambiwa kuna lori chakavu."

"Nani kakwambia?" alisema Mjomba Ambakisye.

"Wewe, bwana. Leo asubuhi, kwa simu."

Mjomba alijikuna kichwa. "Basi subiri." Alikimbia kwake. Akarudi na sufuria lenye tundu. "Chuma chakavu ni hiki hapa. Hilo jingine ni lori letu."

Na safari hii, Baba alicheka.

Jioni hiyo, Baba alikata kipande cha gunzi, cha mviringo. Akakitoboa katikati. Gunzi si zuri kwa dumu. Lakini kwa gurudumu la kigari, ni zuri sana.

Kesho yake wakapakia viazi wakashuka navyo sokoni. Kurudi jioni, ukungu ulikuwa umeshaifunika milima. Taa moja kali na taa moja hafifu zilimulika njia.

Tusekile alikaa kwenye kiti cha mbele. Kigari chake kilikuwa mapajani. Khanga ya Mama ilikuwa mabegani.

*Mmmmm*, alivuma Mvumo.

Halafu Tusekile akasikia sauti nyingine. Haikutoka kwenye injini. Haikutoka kwenye tangi.

Si hapa. Tusikilize pengine.

Aliweka sikio kwenye mkono wa Baba.

*Mmmmm*, alivuma Baba.

"Baba," alisema Tusekile, akifumba macho. "Unakosea kidogo."

"Najifunza," alisema Baba.

*Mmmmm*, alivuma Mvumo.
*Mmmmm*, alivuma Baba.
*Mmmmm*, alivuma Tusekile katikati, polepole, polepole, mpaka akalala.