Mvumo wa Kishanda

Haya yalimpata dada yangu Kokuberwa, na sikuhadithiwa, nilikuwepo. Mwaka 1991 kila Jumamosi Muleba kulikuwa na msiba, maana ukimwi, ugonjwa tulioubatiza Juliana, ulikuwa unafagia nyumba. Siku ile matanga yalikuwa ya mumewe, Buberwa, huko Kishanda. Asubuhi ilianza kama zote: wanawake wanamenya ndizi, jenereta inanguruma nyuma ya jiko, na Kashaija, fundi mitambo kutoka Kitendaguro, anajaribu vipaza sauti vyake.

Kashaija alikuwa rafiki wa marehemu tangu walipoimba pamoja kwaya ya Kilutheri. Tena ndiye aliyekuwa shahidi. Buberwa akiwa kitandani alimwambia, mbele ya dada, kwamba kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo, kibaki kwa mke na watoto. Neno la mke peke yake ukoo usingelisikiliza. La Kashaija wangelisikiliza. Aliapa kulisema, akalia hadi kamasi zikamtoka, nasi tukamwamini, wajinga sisi.

Nilikaa karibu na meza ya mitambo. Akanionyesha kitufe cha kwanza, kile mafundi wanachokiita geini.

"Shemeji, sauti dhaifu unaipandisha hapa inapoingia," alisema. "Ukingoja kuipandisha mwishoni, unapandisha na mvumo wake."

Mchana Mushumbusi, kaka wa marehemu, akashika mikrofoni.

"Ndugu yangu hakuacha neno lolote. Kibanja ni cha ukoo. Mwanamke atarudi kwao Kaagya."

Watu wakaguna. Dada akamgeukia Kashaija.

"Ta Kashaija, waitu," alinong'ona, akimsihi kwa Kihaya. "Waambie."

Kashaija akainama, akajifanya anashughulika na vitufe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na Mushumbusi walishakubaliana. Iliniuma kuliko siku ya mazishi.

Mushumbusi alikuwa amenyamaza, lakini kwenye spika ukaanza mvumo. Wa chini. Kashaija akapunguza geini. Mvumo ukakua. Akaifunga kabisa. Ukakua tena. Ndani yake mtu alikuwa anapumua kwa shida. Kisha akakohoa. Nilikijua kile kikohozi, nilikuwa namshikia beseni.

"Kashaija. Gamba."

Maana yake 'sema', kwa Kihaya. Sauti ilikuwa ya Buberwa.

Kashaija akachomoa waya wa mikrofoni.

"Gamba."

Akakimbia nyuma ya jiko, akazima jenereta. Kimya. Umeme hakuna.

"Gamba."

Mama mmoja akaanguka. Wengine wakakimbilia migombani. Kashaija alirudi, akamtazama dada yangu. Neno moja tu lingetosha. Akaanza kukunja waya zake.

Wiki ile ile dada alifukuzwa pamoja na watoto wake. Msimu wa kahawa ulipofika, Kashaija alionekana akichuma kwenye kipande cha chini cha kibanja kile, kipande alichopewa na Mushumbusi. Simsamehe, hata leo.

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe Kaagya, amekonda, akapiga magoti mlangoni.

"Nitasema, Kokuberwa. Buberwa haniachi nilale. Ita baraza la ukoo, nitasema yote."

Dada alilia kwa furaha. Mimi nilimtazama tu.

Baraza likakaa asubuhi, kweupe, pale pale Kishanda. Wazee wakamgeukia. Kashaija akasimama, akafungua kinywa.

Ukatoka mvumo.

Hakuna neno. Mvumo tupu, ule wa sauti iliyongojwa hadi mwishoni, kama wa spika iliyoachwa wazi bila mtu. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamtoka. Mvumo. Wazee wakatazamana, wakasema shahidi hakusema kitu, kibanja kitabaki kwa Mushumbusi. Dada akapoteza nyumba yake mara ya pili, na aliyempotezea ni mtu yule yule.

Kashaija akaketi. Akafumba mdomo, akauziba kwa mikono yote miwili.

Mvumo haukukoma.