Nyamizi na Ufunguo wa Fundi Lugembe

Nyamizi alikuwa mtoto wa kushuku. Lo, alishuku kila kitu!

Uji ukikaa kimya sufuriani, alishuku. Paka akilala mapema, alishuku.

Akishuku, alifumba jicho moja. Kisha alisema:

"Mh! Hapa pana jambo."

Mama yake Nyamizi alikuwa mwendesha baiskeli za mashindano. Walikaa nje kidogo ya mji wa Shinyanga.

Baiskeli ya Mama ilikuwa nyembamba, na matairi yake membamba. Haikubeba gunia. Haikubeba ndoo. Ilimbeba Mama tu, vuuu!

Lakini mwaka jana, katikati ya mashindano, cheni iliruka. Kra! Kra! Tak!

Mama akamaliza kwa miguu, anaisukuma baiskeli. Watu wakacheka. Nyamizi akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Na sasa mashindano yamekuja tena. Ni Jumamosi hii, alfajiri.

Siku ya Alhamisi akaja fundi mgeni. Aliitwa Fundi Lugembe, na mfukoni mwake vyuma vililia. Chwa, chwa, chwa.

"Shikamoo," akasema Nyamizi.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umefumba jicho? Limeingia mdudu?"

"Hapana," akasema Nyamizi. Hakulifumbua.

Fundi akachuchumaa. Akaitazama gia ya mbele, lile duara la meno linalovuta cheni.

"Mama Nyamizi, meno haya yamekwisha. Yamechongoka kama miiba. Ndiyo maana cheni inaruka."

Akaitoa gia ya zamani. Akapafuta pale mahali pake, taratibu, kwa kitambaa. Akaweka gia mpya. Akaweka na cheni mpya. Gia mpya ilimeremeta!

Kisha akatoa ufunguo mdogo uliopinda. Akaanza kukaza bolti.

Tik. Akakaza moja, kidogo tu. Akairuka iliyofuata. Tik. Akakaza nyingine, kidogo tu. Akaruka tena.

Ebo! Nyamizi akasogea. Mbona anaruka? Mbona hakazi mpaka mwisho?

Akafumba jicho moja.

"Mh! Hapa pana jambo."

Fundi akazunguka tena, na tena. Akasimama, akajifuta mikono.

"Nimemaliza, Mama Nyamizi. Ufunguo nauacha hapa dirishani. Kesho ukitoka mazoezini, nitarudi."

Nitarudi? Nyamizi akashtuka. Mtu akimaliza kazi, anarudi kufanya nini?

Akawaza, akawaza. Aa, kumbe! Anarudi kulegeza bolti! Anataka Mama aisukume tena baiskeli, watu wacheke tena!

Fundi akaondoka. Chwa, chwa, chwa.

Nyamizi akanyata mpaka dirishani. Nya, nya, nya. Akauchukua ufunguo.

Akaingia uvunguni mwa kitanda chake. Akauchomeka ufunguo katikati ya kamba, pasipoonekana.

Kitanda chenyewe Baba alikuwa amekiwamba siku ileile, kwa kamba mpya za mkonge. Kilikuwa kimekaza, ukikipiga kinalia ngoma. Du!

Nyamizi akalala juu yake, moyo umetulia. Sasa Mama yuko salama.

Ijumaa asubuhi Mama akaenda mazoezini. Ziiiii! Gia mpya haikukwaruza hata kidogo.

Lakini jioni, Mama aliporudi, baiskeli ilikuwa na sauti nyingine.

Nyek. Nyek. Nyek.

Akafika Fundi Lugembe. Akasikia, akatabasamu.

"Imeanza kulia? Vizuri!"

Vizuri? Nyamizi akafumba jicho moja, akalibana kabisa.

"Mh! Hapa pana jambo kubwa."

"Ndicho nilichorudia," akasema Fundi. "Ufunguo uko wapi?"

Dirishani hapakuwa na kitu.

Mama akatafuta chini ya mtungi. Baba akatafuta juu ya kabati. Fundi akakung'uta mifuko yake yote. Chwa, chwa, chwa. Hakuna.

"Bolti zimelegea kidogo," akasema Fundi. "Bila ufunguo ule siwezi kuzikaza. Wa kununua upo mjini, na maduka yameshafungwa."

Mama akakaa kizingitini. Akavua kofia yake ya mashindano.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kwenda na gia inayocheza. Kesho nitabaki nyumbani."

Nyamizi akaitazama kofia ile. Akakimbilia chumbani, akajitupa kitandani.

Lo! Akazama katikati! Kitanda kilikuwa kimebonyea kama bakuli.

"Baba!" akaita. "Kitanda ulikiwamba vibaya! Kimelegea!"

Baba akaja. Akakibonyeza kwa mkono, akacheka.

"Sikukiwamba vibaya, Nyamizi. Kamba zikiwa mpya, ukizilalia zinajinyoosha. Zikishajinyoosha, ndipo unarudi kuzikaza. Kila mwambaji anajua hivyo."

"Unarudi?" akauliza Nyamizi. "Hata kama ulimaliza?"

"Nisiporudi, utalala sakafuni."

Baba akavuta kamba ya upande huu, kidogo tu. Akaenda upande wa pili, akavuta, kidogo tu. Akarudi huku, akaenda kule.

"Mbona unaruka?" akauliza Nyamizi.

"Nikimaliza upande mmoja kwanza, kitanda kitakwenda upande."

Nyamizi akafumbua jicho lililofumbwa. Akatazama kwa macho yote mawili.

Fundi Lugembe hakuwa akiiharibu gia. Alikuwa akiwamba!

Na ufunguo uko wapi? Nyamizi alijua ulipo. Alitamani asingejua.

Akaingia uvunguni. Akapapasa katikati ya kamba. Akautoa.

Akaenda mpaka mlangoni, polepole. Akamnyooshea Fundi ufunguo.

"Fundi, naomba samahani," akasema. Machozi yakamtoka. "Niliuficha mimi. Nilidhani utailegeza gia, watu wamcheke Mama."

Mama akamtazama. Fundi Lugembe naye akamtazama. Akafumba jicho moja.

"Mh!" akasema. "Nilijua hapa pana jambo!"

Mama akacheka kwanza. Kisha Baba. Nyamizi akacheka huku kamasi zinamtoka.

"Siku nyingine niulize," akasema Fundi. "Mimi ukiniuliza, najibu. Haya, njoo uone mwenyewe."

Tik. Akakaza moja. Akaruka. Tik. Akakaza nyingine. Akaruka. Nyamizi akachuchumaa karibu, anahesabu kimoyomoyo.

"Tayari," akasema Fundi. Akainuka.

Nyamizi hakuinuka. Akafumba jicho moja.

"Fundi, bado. Kuna bolti imejificha nyuma ya mkono wa pedali. Hujaigusa."

Fundi akainama. Akachungulia. Lo salale! Kweli ipo, na imelegea!

"Mama Nyamizi," akasema Fundi, "jicho hili lisifumbuliwe kabisa. Tutalihitaji."

Akampa Nyamizi ufunguo. Nyamizi akaikaza ile bolti mwenyewe, ulimi nje.

Tik.

Jumamosi alfajiri, barabara ilijaa watu. Nyamizi alikaa mabegani kwa Baba.

Baiskeli zikapita. Vuuu! Vuuu! Nyamizi hakutazama nguo. Hakutazama kofia. Alitega sikio.

Kra? Hapana. Nyek? Hapana.

Ziiiiiiii! Ni Mama huyo! Yuko juu ya baiskeli, hasukumi!

Mama hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini alivuka mstari akiwa amekaa kitini, anacheka, na hakuna aliyemcheka.

"Mamaaa!" akapiga kelele Nyamizi. "Bolti ile nimeikaza mimi!"

Jioni, Mama akaifuta cheni kwa kitambaa. Nyamizi akaufuta ufunguo. Kesho wataurudisha kwa Fundi Lugembe, wamshukuru.

Mama akambeba Nyamizi mpaka kitandani. Kitanda kilikuwa kimekaza sawasawa. Du!

Paka alikuwa amelala mapema, miguuni.

Nyamizi akamtazama. Akafumba jicho moja.

"Mh! Hapa pana..."

Kisha akafumba na la pili.