Aliyejitolea Kukaa Nyuma

Kamanda aliita, "Mkia!" na sauti ikajibu, "Upo!" Ubaya ni kwamba siku ile msafara haukuwa na mkia.

Hakulitambua hilo upesi, kwa sababu Kamanda hakuwa mtu wa kutambua kitu upesi, isipokuwa labda kamera. Alikuwa amesimama chini ya kilima, penye magari, mikono kiunoni, filimbi shingoni, akihema kwa siri. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye vichaka. Aliposikia ile "Upo!" kutoka juu, sauti nzito, tulivu, ya mtu asiyejua kuchoka, aliwageukia wenzake akatabasamu.

"Mnaona? Safari ikipangwa na mtu anayejua kupanga, mambo yanakwenda yenyewe."

Jina la Kamanda alijipa mwenyewe. Hajawahi kuwa askari hata wa kulinda duka. Alikuwa wakala wa bima, na katika klabu ya wapanda milima ndiye aliyekuwa mpangaji wa safari. Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wanaopanda milima kwa mdomo. Walikodi chumba juu ya duka la vipuri, wakabandika ramani ukutani, wakatundika pembeni kamba na helmeti ambazo hazijagusa jiwe tangu zinunuliwe. Kila mwezi walipanda kilima ambacho wachunga mbuzi hukipanda wakipiga miluzi, kisha wakakisimulia wiki nzima.

Hata hivyo walikuwa na desturi moja ya maana. Kila safari ilikuwa na mtu wa mbele na mtu wa nyuma kabisa, aliyeitwa mkia. Mkia hampiti mtu. Hutembea nyuma ya yule anayechelewa kuliko wote, akisimama naye husimama, mpaka amfikishe. Mtu wa mbele akiita, mkia hujibu, na hapo wote wanajua hakuna aliyeachwa. Ni kazi isiyo na sifa wala picha, kwa hiyo hakuna aliyeitaka.

Kwenye kikao cha kupanga safari ile, Mwalimu, mwanamke wa hesabu asiyependa mambo ya kubahatisha, aliuliza mkia ni nani. Ofisa wa benki akakumbuka goti lake. Mwingine akakumbuka mgongo. Kazi ile ingemfaa Kamanda kuliko wote, maana wa mwisho kila safari alikuwa mkewe, mwanamke aliyevunjika nyonga katika ajali na tangu hapo akawa anachechemea. Daktari alimwambia atembee, basi akawa anatembea. Lakini Kamanda atembee nyuma na mkewe, watu wamwone? Bora ameze filimbi.

Hivyo asubuhi ya safari, pale chini ya kilima ambapo kwa desturi kila mtu hutangaziwa kazi yake kwa sauti, Kamanda aliukabili mlima akapaaza sauti kama anahutubia taifa.

"Mkia sijapata, na sibembelezi mtu! Anayependa kukaa nyuma, akae! Nampa kazi hiyo mbele yenu wote!"

Wenzake walicheka, wakakimbilia mbele. Mahali kama pale, penye mapango na upepo, mtu mwenye akili hata jina la mwenzake haliiti ovyo. Huyu aligawa kazi kwa yeyote anayesikia.

Basi wakati wa kushuka, baada ya sauti ile kujibu, mkewe ndiye aliyetoka kwenye ukungu mwisho wa wote, polepole, akiegemea fimbo yake.

"Wifi, pole," alisema Mwalimu. "Ulikuwa na nani huko nyuma?"

"Na yule mgeni wenu. Ana adabu sana. Nikisimama, anasimama. Hakunihimiza hata mara moja."

"Mgeni gani?"

Waligeuka wote kutazama njia. Hapakuwa na mtu. Iliteremka harufu tu, ya jiwe lililolowa na ya moto uliomwagiwa maji.

"Ukungu huo," alisema Kamanda. "Twendeni, nina njaa."

Waliporudi nyumbani, mke alifungua mlango, akaingia, akauacha wazi kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake. Kamanda aliyekuwa amekwisha kuingia kitambo hakuuliza. Siku zilizofuata alimwona mkewe akisimama katikati ya ukumbi bila sababu, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Chakula alikionja tu. Mikono yake ikawa baridi hata jikoni, karibu na moto.

"Mume wangu," alimnong'oneza usiku mmoja, "nyuma yangu kuna mtu."

"Nyuma yako kuna ukuta," alisema Kamanda, akavuta shuka.

Hivyo ndivyo alivyomfariji mkewe, na alilala vizuri.

Lakini jini hana aibu, hangoji usiku. Alasiri moja, jua likiwaka dirishani, Kamanda alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, amekunjua ramani, anapanga safari nyingine na kufikiria asimame wapi kwenye picha. Mkewe alipita ukumbini akielekea chumbani, hatua nzima na hatua ya kuburuta, nzima na ya kuburuta, akafunga mlango. Na kabla Kamanda hajarudisha macho kwenye ramani akasikia hatua nyingine zikipita palepale, nzito zaidi, nazo moja nzima na moja ya kuburuta, si kwa dhihaka bali kwa uangalifu, kama mtu anayelinganisha mwendo wake na wa mgonjwa, zikapita nyuma ya kiti chake na ile harufu ya jiwe na moto uliozimwa, zikafika mlangoni, kitasa kikashuka taratibu, mlango ukafunguka, ukafungwa kwa upole ambao yeye mwenyewe hajawahi kumfanyia mke yule tangu amuoe. Sakafuni ukumbini kulikuwa na nyayo za maji, ndefu kuliko kiatu cha mtu yeyote, kisigino mbele, vidole nyuma.

Alitaka kupiga kelele, akapata kikohozi. Shujaa wa milima alikaa juu ya kiti, miguu ameikunja, mpaka shangazi wa mkewe alipokuja jioni akamkuta hivyo.

Shangazi hakuhitaji maelezo marefu. Alimtazama mwana wa kaka yake, akamshika mkono uliokuwa baridi, akasema, "Mkwe wangu, huyu mtoto tunampoteza. Vaa viatu."

Mganga ambaye shangazi aliwapeleka kwake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito, aliyewapokea jikoni huku akimenya vitunguu. Alimkalisha mgonjwa kwenye stuli, akamwangalia. Kisha akaangalia nyuma yake, juu sana, karibu na dari, akashusha kisu.

"Nani alimpa kazi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kamanda alianza kueleza habari za klabu, mipango yake na uzoefu wake.

"Bwana, nimeuliza nani."

"Mimi. Lakini nilikuwa natania."

"Yeye hakutania. Amekaa nyuma kama ulivyomwambia, na kazi ya mkia ni kumfikisha wa mwisho. Ila kwake si kwenu. Anamfikisha kwake. Humwoni mkeo anavyopungua? Kila siku anakwenda kidogo."

Shangazi alianza kulia kimyakimya.

"Mfukuze basi," alinong'ona Kamanda. "Choma ubani, soma, fanya unavyofanya."

"Kibarua hafukuzwi na jirani. Hufukuzwa na aliyemwajiri." Mganga alimsogelea akamnyooshea kidole chenye harufu ya kitunguu. "Mrudi kilima kilekile, na watu walewale. Pale chini useme kwa sauti, mkia ni mimi. Kisha utembee nyuma ya mkeo, kwenda na kurudi. Utasikia mambo. Usigeuke, na usimpite. Ukimpita hata hatua moja, umemkabidhi mbele ya mashahidi, na mimi hapo usinitafute."

"Hilo tu?" Kamanda alishusha pumzi. "Hilo rahisi."

"Kwa mtu mwingine, ndiyo," alisema mganga, akarudia vitunguu vyake.

Siku ya safari mtu wa mbele akawa ofisa wa benki, na goti lake likawa limepona ghafla. Kamanda alisema maneno yake, "Mkia ni mimi," kwa sauti ya kumezwa, na wenzake wakaangua kicheko. Mmoja alimuuliza kama amepunguzwa cheo. Mwalimu tu hakucheka. Alimwambia taratibu, "Kaka, mtunze wifi," akatangulia.

Wakabaki wawili njiani. Mke alitembea mbele na fimbo yake, naye nyuma, akiuma meno, akihesabu aibu zake. Walipofika kwenye mawe makubwa hatua zilianza nyuma yake, nzima na ya kuburuta, na harufu ikamfunika, na kitu kikaanza kuhema juu ya utosi wake pumzi baridi zenye unyevu. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, akaikaza, akasikia sauti tulivu ikimwambia sikioni kwa heshima kabisa, "Nipishe, bwana, hapo ni pangu," lakini, tumpe haki yake, alijikokota bila kugeuka, akitazama visigino vya mkewe na kusema moyoni kila dua aliyoikumbuka na nyingine alizozitunga, mpaka pumzi ile ikarudi nyuma kidogo, kisha ikarudi nyuma zaidi, na hatua zikawa hafifu kama za mtu anayeanza kukata tamaa.

Mke alisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mashavu yake yalikuwa na rangi.

"Baridi imepungua," alisema bila kugeuka. "Mume wangu, uko hapo?"

"Nipo."

"Usiondoke. Nimechoka, lakini nitafika. Usiondoke tu."

Maneno mepesi, hata mtoto angeyaelewa. Lakini kutoka kileleni, karibu sana, ilisikika sauti ya ofisa wa benki akiwapanga watu. Bango la klabu lilikuwa limekwisha kukunjuliwa. Mpiga picha aliyekodiwa alikuwa anataka kumaliza kabla wingu halijafunika.

"Na aliyepanga safari yuko wapi?" aliuliza mpiga picha.

"Yuko nyuma na wagonjwa," alijibu ofisa, na watu wakacheka. "Piga tu. Safari hii nimeipanga mimi!"

Kamanda alilisikia hilo likamchoma kuliko pumzi yoyote ya jini. Alitazama juu. Alitazama mgongo wa mkewe, aliyekuwa ameinama akiegemea fimbo. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Naenda mara moja," alisema. "Hatua chache tu. Nakuja sasa hivi."

Alimpita. Mkewe aliinua uso akamtazama, na uso ule haukuwa na hasira hata kidogo, jambo ambalo lingemtisha mume mwenye akili.

"Unanipita?"

"Mara moja tu, mke wangu."

Alipanda mbio, akawasukuma watu, akasimama katikati, chini ya bango, akavuta tumbo ndani. Mpiga picha alisema, "Tabasamuni!" Akatabasamu.

Mwalimu ndiye aliyepiga kelele. Chini yao, pale alipoachwa, mke alikuwa amegeuka nyuma. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, kama mtu anayemshika mwenzake mkono, na juu ya kichwa chake ukungu ulikuwa na nafasi ndefu, tupu, ambayo haukuijaza. Fimbo ilikuwa chini.

"Wifi!" aliita Mwalimu. "Njoo huku! Wifi!"

"Asante, dada," alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. "Mimi nina mwenzangu. Huyu ananisubiri."

Mke na huyo mwenzake wakaanza kuteremka upande wa pili, kule kusiko na njia. Hapo ndipo Kamanda alipotupa tabasamu lake na kukimbia. Alikimbia kweli, nadhani kwa mara ya kwanza maishani si kwa ajili ya kuonwa, akajikwaa, akaamka, akachanika magoti, na mbele yake, karibu sana, ndani ya ukungu, alizisikia hatua, nzima na ya kuburuta, nzima na ya kuburuta, hatua za mwanamke ambaye mtoto anayejifunza kutembea angemwacha, na kila alipoongeza mbio zilibaki palepale, mbele kidogo, hazikuharakishwa na mtu. Akaita jina lake, akaomba msamaha, akaahidi, akalia, na katikati ya kilio chake akamsikia akisema na mwingine, kwa mapenzi, "Polepole tu, hatuna haraka," na ile sauti nzito ikacheka kwa adabu. Kisha hatua zikakoma zote pamoja.

Askari walikuja, na mbwa, na vijana wa uokoaji. Mbwa walifika mahali fulani katikati ya mteremko wakalala chini, wakakataa kuinuka. Jua lilipozama, mkuu wa watafutaji alimwambia Kamanda kwa huruma kwamba itabidi wasimamishe kazi hadi kesho.

Kamanda alimshika kola kwa mikono miwili.

"Msisimame," alimsihi. "Hawezi kuwa mbali. Wewe humjui mke wangu, anatembea polepole sana."